Namna ya kupata kampuni ya kushirikiana nayo ukiwa na shirika dogo Arusha au Moshi

Habari za humu wadau. Naandika hii mana kila wiki kuna mtu ananipigia kuniuliza "hivi nyie mlipataje ile sapoti", nikaona bora niiweke yote sehemu moja nipumzike. Mjue kwanza naongea kutokea wapi. Nlikaa miaka sita kwenye kashirika kadogo pale Moshi, tulikuwa tunapika uji kwenye shule za msingi huku chini njia ya kiwanda cha sukari cha TPC, watu wanne na pikipiki moja. Alafu nikahamia Arusha, sa hivi niko kampuni ya utalii Njiro na moja ya kazi nilizobandikwa ni kupokea barua za watu wanaoomba msaada. Yani nimekaa pande zote mbili za meza. Na kiukweli nikizisoma hizo barua naona aibu, mana ndo zile zile nilizokuwa naandika mimi. Zinaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", zinaeleza shida kurasa tatu, mwisho zinaomba "chochote mtakachojaliwa". Sasa chochote ni shilingi ngapi? Bosi akikutana na hilo neno anaiweka barua pembeni, na pembeni maana yake ni droo ya chini kwenye meza yangu.

Kitu ambacho sikukijua miaka ile ni kwamba kampuni haikosi mtu wa kumsaidia, wenye shida wako kila kona na wote wameshaandika barua. Inachokosa ni mtu atakayeifanya hiyo kazi vizuri bila kuwaongezea kazi wao. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo hapo.

Hatua ya 1: Panga karatasi zako kabla hujamsalimia mtu

Hii inaboa lakini ndo inayoua maombi mengi kimya kimya. Bosi anaweza kukupenda kabisa alafu akasema "haya nenda kaonane na mhasibu", na mhasibu ndo anakumaliza. Atataka cheti cha usajili, TIN, akaunti ya benki yenye jina la shirika (sio jina lako wala la mama yako mdogo) na angalau watu wawili wanaosaini. Kama ni NGO mmesajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, hakikisha ada ya mwaka mmelipa na ripoti ya mwaka mmepeleka kwa Msajili, mana kampuni makini inaulizia hilo. Kama ni kikundi tu cha mtaani mliosajiliwa halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii haina shida, ila msijiite NGO kwenye barua wakati cheti kinasema CBO. Mtu akikukamata na uongo mdogo kama huo hata ukweli wako mkubwa haumuingii tena.

Alafu kuna hili la kodi, nisikilizeni vizuri mana liliniumbua. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kampuni ikichangia taasisi ya hisani inayotambulika, au mradi wa maendeleo ya jamii, itoe huo mchango kwenye mapato yake kabla ya kupigiwa kodi, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mimi nlisikia hiyo asilimia 2 kwenye semina, nikaenda kwa mzee mmoja mwenye kiwanda nikamwambia kwa kujiamini kabisa "mzee hii mtapunguziwa kodi". Akamuita mhasibu wake. Dada wa watu akaniuliza taratibu, barua ya Kamishna wa TRA inayowatambua kama taasisi ya hisani iko wapi? Nikabaki nimekodoa macho. Nlidhani cheti cha NGO kinatosha, kumbe utambuzi wa TRA unaombwa wenyewe, ni kitu kingine kabisa. Kwaiyo kama huna hiyo barua usiahidi habari za kodi, nyamaza tu uongelee watoto.

Na akija mtu anawauzia cheti cha ISO 26000 eti kampuni zitawaamini zaidi, mfukuzeni. ISO 26000 ya 2010 ni mwongozo tu wa uwajibikaji kwa jamii, wenyewe ISO wanasema sio ya kutolea cheti.

Hatua ya 2: Jua unayemuomba anatoaje

Kosa langu lingine la zamani, barua moja nlikuwa naitoa kopi ishirini nabadilisha jina la kampuni tu. Mara moja nikasahau kubadilisha hata hilo jina, nikapeleka benki moja barua yenye jina la benki nyingine. Tuyaache hayo.

Kila aina ya kampuni ina mlango wake. Mabenki makubwa kama CRDB na NMB wanatangaza kwamba wanatenga asilimia 1 ya faida kwa ajili ya jamii, na ukifuatilia kwenye habari utaona wanachotoa sanasana: madawati, mabati, vitanda vya hospitali. Yani vitu vinavyoenda kwenye shule na vituo vya afya vya serikali na vinavyoonekana kwenye picha. Kwaiyo ukienda kama shirika peke yako unajichosha, nenda na mwalimu mkuu na barua ya halmashauri, shule ndo iwe muombaji na wewe uwe mtu wa kusukuma na kufuatilia. Kaanzie kwa meneja wa tawi lako pale pale unapotunza akaunti, yeye ndo ataisogeza barua juu kwa watu wa kanda.

Migodi ni habari nyingine. Walioko upande wa Mirerani wajue kwamba Sheria ya Madini ya 2010, baada ya kurekebishwa 2017, inaitaka kampuni yenye leseni iandae kila mwaka mpango wa CSR (uwajibikaji wa kampuni kwa jamii) na kukubaliana na halmashauri husika. Hapo kumfuata meneja wa mgodi ni kupoteza nauli. Mipango ile inajadiliwa halmashauri, mtafute diwani na afisa mipango mapema kitu chenu kiingie kwenye orodha.

Mashamba ya maua na vyama vya ushirika vya kahawa vyenye cheti cha Fairtrade (biashara ya haki) vina kile wanachokiita primiamu, pesa ya nyongeza juu ya bei kwa ajili ya maendeleo, na wanaoamua itumike wapi sio bosi. Kwenye shamba la kuajiri watu ni kamati waliyoichagua wafanyakazi wenyewe, kwenye ushirika ni wakulima kwenye mkutano wao. Kwaiyo unatakiwa ukawashawishi mama anayefunga maua na baba anayevuna kahawa, na hao hawashawishiki kwa pawapointi, watakuuliza mtoto wangu atapata nini.

Vijiji vinavyopakana na hifadhi vina TANAPA na utaratibu wao wa ujirani mwema, mradi unaibuliwa na kijiji, kwaiyo anzia serikali ya kijiji.

Zikibaki kampuni za utalii, mahoteli, viwanda vya kati na wenye maduka makubwa, ambao ndo wengi hapa Chuga na Moshi, hapo hakuna sera wala kamati. Kuna mwenyewe. Mara nyingi kuna mwenyewe na mke wake, na mke ndo anaamua.

Hatua ya 3: Angalia kampuni ina nini tayari

Hapa nitakaa kidogo mana ndo penyewe.

Miaka miwili mizima tuliomba pesa kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi Moshi, kila tukienda anatuambia "njooni mwezi ujao". Siku moja niko kituoni nasubiri gari ya kushuka huku TPC, nikaona lori lake linapita tupu. Siku ya pili tena. Nikamuuliza dereva kwenye mgahawa, kaka mbona kila siku unashuka tupu? Akaniambia anafuata mchanga, anashuka tupu anapanda na mzigo. Na sisi wakati ule kitu kilichokuwa kinatumaliza kwenye bajeti sio unga, ni kukodi gari ya kushusha unga na sukari kwenye shule sita. Nikarudi kwa yule mzee nikamwambia mzee leo sijaja kuomba hela, naomba lori lako lile la mchanga kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi litubebee magunia, linapita pale pale. Alicheka. Akasema hilo tu? Akampigia dereva nikiwa nimesimama pale pale.

Haikumgharimu chochote, sisi tukaokoa hela ya gari ambayo ilikuwa karibu robo ya bajeti ya mwezi. Ila kilichonishangaza ni kilichofuata. Yule dereva akawa anafika shuleni, anaona watoto wanavyopanga foleni na vikombe, akirudi anamsimulia bosi. Baada ya miezi minane mzee akatuita mwenyewe, akasema dereva wangu anasema ile shule ya mwisho watoto wanachota maji mbali ya kupikia uji, chukueni simtanki mbili za lita 5,000. Miaka miwili ya barua haikuleta hata ndoo, dereva ameleta simtanki.

Na hii sio bahati yangu tu, angalia ushirikiano uliosimama huku kwetu utaona umejengwa juu ya kitu ambacho biashara inakigusa kila siku. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kuwatetea wagumu wanaobeba mizigo mlimani, umeanza 2003. Wao wanawaazima wagumu nguo za baridi na viatu bure, alafu wanafuatilia kampuni zinavyowatendea watu wao, mshahara, chakula, pa kulala, uzito wa mzigo usizidi kilo 20. Kampuni inayofanya vizuri inaingia kwenye orodha yao ya washirika, na mgeni wa Ulaya au Marekani anayejali anaiangalia hiyo orodha kabla hajalipia safari. Umeona hapo? Mgumu anapata haki yake, kampuni inapata mteja, na hakuna aliyepiga magoti kwa mwenzie.

Au nenda Shanga pale Arusha Coffee Lodge, watu wenye ulemavu wanayeyusha chupa za glasi zilizotumika wanatengeneza glasi mpya, vyombo, shanga. Eneo la loji limejaa wageni wa kununua, na chupa tupu kwa biashara ya utalii ni takataka ambazo lazima zipelekwe mahali.

Kwa kipimo kikubwa zaidi kuna kiwanda cha A to Z hapa hapa Arusha. Mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japan iliwapa teknolojia ya vyandarua vyenye dawa ya kudumu bila kudai malipo ya hakimiliki, na Acumen, ambalo ni shirika lisilo la faida la New York, likawakopesha. Tena mkopo, sio msaada! Ajira zikaja, vyandarua vikatoka kwa mamilioni.

Kwaiyo kabla hujaandika barua kaa chini na karatasi ujibu: hii kampuni inatupa nini, gari zake zinapita wapi zikiwa tupu, ina chumba gani kinalala bure jioni, ina fundi gani anayejua kitu ambacho vijana wangu hawajui, na yenyewe inasumbuliwa na nini. Karakana za kutengeneza bodi za landkruza Arusha zinalia hazipati vijana wanaojua kuchomelea vizuri. Mahoteli yanabadilisha magodoro na mashuka. Mpishi wa safari yuko nyumbani Aprili yote anaangalia mpira. Hizo zote ni mali, ni vile tu hazijaandikwa kwenye hundi.

Hatua ya 4: Wahi msimu

Fupi lakini muhimu. Kampuni ya utalii Juni mpaka Oktoba iko bize, hakuna mtu wa kukusikiliza, mkurugenzi yuko Seronera huko Serengeti na simu haishiki. Aprili na Mei masika imekaa, wageni hamna, hela nayo hamna, ila watu wako ofisini na wana muda. Nenda Mei kujenga urafiki, waonyeshe kazi, usiombe kitu. Ombi lipeleke Oktoba au Novemba, hela ya msimu imeingia na wanapanga bajeti ya mwaka unaofuata. Ukileta Januari unaambiwa bajeti imefungwa, na ni kweli imefungwa. Kwa taasisi zinazofunga mwaka Juni, rudisha hesabu nyuma miezi miwili mitatu. Uliza tu mapokezi, "mwaka wenu wa fedha unaisha lini dada", sio siri.

Hatua ya 5: Barua ya ukurasa mmoja

Ukurasa MMOJA. Andiko refu la mradi weka kwenye begi, wakilitaka watakuomba. Mimi sa hivi barua inayonifanya niinuke kwenye kiti niipeleke kwa bosi inakuwa hivi:

"Mpendwa Mkurugenzi, sisi ni (jina), tunapika uji kwa wanafunzi 640 wa shule mbili za msingi kata ya (jina). Unga na sukari tunavyo, vinatolewa na wazazi na mfadhili mwingine. Tunachokosa ni jiko banifu moja la kuni, bei yake shilingi 1,850,000, nukuu ya fundi nimeambatanisha. Jiko la sasa linakula kuni nyingi na wapishi wanaumwa macho kwa moshi. Tunaomba mtununulie hilo jiko moja kwa moja kwa fundi, hela isipite kwetu. Tutawaletea ripoti ya ukurasa mmoja baada ya mwezi mmoja na nyingine baada ya miezi sita, ikionyesha kuni zilizopungua. Mnakaribishwa kuja kuona Jumatano yoyote saa nne asubuhi. Nitapita ofisini kwenu Alhamisi ijayo kusikia jibu."

Hizo namba ni za mfano, weka zako za kweli. Ila ona ilivyokaa: kitu kimoja, bei moja, nani mwingine anachangia, na ile "hela isipite kwetu" usiidharau. Mara ya kwanza kampuni haikujui, mpe njia ya kukusaidia bila kuogopa. Hela ya mkononi itakuja mwaka wa pili wakishakuzoea. Na weka siku utakayopita, usiseme "tunasubiri majibu yenu mema", mana utasubiri.

Kingine, wazazi wanachangia nini? Hilo swali bosi wa Kichaga lazima akuulize, mangi hatoi hela mahali ambapo wenyewe wamekaa tu. Hata kama ni kuni na kuosha sufuria, andika.

Hatua ya 6: Siku ya kikao

Nendeni wawili, sio sita. Mmoja awe mtu wa eneo lenyewe, mwalimu au mama wa kamati, mana akiongea yeye inaingia kuliko wewe na tai yako. Msalimieni mlinzi na dada wa mapokezi vizuri, wale ndo wanaojua bosi leo kaamkaje. Msifungue na maombi, ulizeni kwanza wao wamewahi kusaidia nini na kiliishaje. Swali hilo limenisaidia sana, mtu anaanza kukusimulia alivyotapeliwa na fulani, alivyonunua kompyuta kumi zikaishia nyumbani kwa mtu, na hapo anakuwa amekwambia mwenyewe anaogopa nini, kwaiyo wewe unamjibu hofu yake badala ya kumsomea malengo yenu makuu.

Akisema hapana, muulize kama kuna mwenzie anayemfahamu angependa kazi hii. Nusu ya washirika tuliowapata Moshi tuliletewa na watu waliotukatalia.

Hatua ya 7: Andikeni makubaliano, na hapa msione aibu

Hata kama ni mjomba wako. Ukurasa mmoja au miwili inatosha: nani anatoa nini, lini, nani analipa usafiri, nembo ya kampuni itakaa wapi, nani ni msemaji kwa kila upande, kikiharibika nani anatengeneza, mwisho wake lini na mkitaka kuachana mnaachanaje. Simtanki zetu zilikuja na nembo sawa, ila hatukuandika nani anajenga kitako cha zege, zikakaa miezi mitatu zimelala kwenye majani zinachezewa na mbuzi. Mzee alipita akaziona. Hakusema kitu, na ndo ilivyoniuma zaidi.

Kama makubaliano ni ya hela inayozidi shilingi milioni 20 na nyie ni NGO, kanuni za 2018 zinawataka mpeleke huo mkataba kwa Msajili ndani ya siku 10 na mtangaze wazi fedha mliyopata. Ongeeni na Msajili Msaidizi wa wilaya au mkoa mapema, msisubiri mpaka muulizwe.

Sasa picha. Kampuni itataka picha na ni haki yao waonekane, lakini mtoto kushikishwa bango la "Asante kampuni fulani" huku kamasi zinamtoka mimi nalikataa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, picha na jina la mtoto ni taarifa zake. Wekeni kwenye makubaliano kabisa: ruhusa ya mzazi kwa maandishi, hakuna majina, hakuna sura ya mtoto mmoja mmoja, piga picha ya jiko, ya foleni kwa nyuma, ya wapishi waliokubali.

Na kwa wale wa utalii hapa kuna jipu nalitumbua, wenzangu wa ofisini wakisoma watanisamehe. Kuleta wageni kwenye kituo cha watoto au darasani kila wiki wakapige picha na kugawa peremende, huo sio uwajibikaji, hiyo imegeuka sehemu ya safari. Mwalimu anasimamisha kipindi, watoto wanaimba wimbo ule ule, mgeni analia, anaondoka, kesho wanakuja wengine. Nimeona shule ambayo darasa la tatu walikuwa wanapoteza karibu siku nzima kwa wiki kwa ajili hiyo. Kama kampuni inataka wageni waone kazi, mkubaliane mara mbili kwa mwaka, jioni baada ya vipindi, na pipi zibaki kwenye gari. Kampuni ikikataa hilo sharti basi ilikuwa inatafuta kivutio, haikuwa inatafuta mshirika.

Hatua ya 8: Kukataa

Najua ukiwa na njaa kukataa ni ngumu. Lakini kuna vitu ukipokea vinakula jina lako. Vyakula vilivyobakiza wiki mbili kuisha muda. Kampuni ya bahati nasibu au pombe inayotaka nembo yake ukutani shuleni. Kampuni ambayo ina ugomvi wa maji au ardhi na wanakijiji wale wale unaowahudumia, hapo utatumika kama shuka la kufunikia.

Na yule wa ndani anayekunong'oneza "nitaipitisha ila asilimia kumi yangu unaijua". Ilinikuta mara moja, meneja wa kampuni sitaitaja, mchango ulikuwa mzuri na mishahara yetu ilikuwa imechelewa miezi miwili. Tulikataa, na hatukupata kitu pale mpaka yule bwana alipohama. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi, mwenzetu mmoja aliacha kazi mwezi ule.

Hatua ya 9: Ripoti

Hapa ndo wengi wanapoachika. Wakishapokea kimya, mpaka mwaka unaofuata wanapokuja na barua nyingine ya "husika na kichwa". Ripoti ya kwanza iende ndani ya siku 30: ukurasa mmoja, kopi za risiti, picha tatu, namba mbili. Kwa mfano kuni zilikuwa mizigo 14 kwa wiki sasa ni 8. Usiandike "jamii imenufaika sana", kanufaika nani, ngapi?

Na kilichoharibika kiandike. Simtanki yetu moja ilipasuka mwaka wa kwanza, kitako kilijengwa bila kusawazishwa, kosa letu kabisa. Kamati wakasema tusimwambie mzee. Nikaandika ripoti nikaweka na picha ya ule mpasuko na gharama ya kuziba, na kwamba tumelipa wenyewe. Nikampelekea mkononi natetemeka. Akaisoma, akauliza fundi wa zege alikuwa nani, akasema wakati mwingine mniulize mimi, nauza saruji miaka thelathini. Kuanzia hapo kila tunapojenga kitu anatuma fundi wake kuangalia vipimo, bila hela, na hilo limetusaidia kuliko tenki lenyewe.

Watu wadogo kwenye kampuni nao wapewe ripoti. Sisi kila Desemba akina mama wa kamati walikuwa wanamfungashia yule dereva ndoo ndogo ya mchele wa Chekereni. Mimi nimehama Moshi, mzee ameshawaachia biashara watoto wake, na dereva bado Jumatatu ya kwanza ya mwezi anasimama kwenye stoo ya shirika na kupiga honi.